Shibiri Moja katika Ukili wa Bi Raya

Ukili haumsahau aliyeusuka. Mliisikia methali hii jana, Tatu alipomwambia Rukia aketi kwenye cherehani ya marehemu mama yake, na Rukia akasema hawezi, kwa sababu siku wateja watakapozoea mshono wake yeye watamsahau mama. Sasa mmekuja kuniuliza methali hiyo imetoka wapi. Hamkukosea mlango. Methali nyingi hazijulikani zilizaliwa wapi, lakini hii naijua siku yake na nyumba yake, maana mimi nilikuwepo, na makosa yalikuwa yangu. Rukia, sogea na wewe usikie.

Methali hii ilianza hivi.

Zamani kidogo, kabla hamjazaliwa, tulikuwa na kikundi cha wanawake kumi na mmoja hapa Makunduchi, wasusi wa mikeka na washona kofia. Mwaka mmoja tuliamua kwenda Pemba siku tatu, si kuuza wala kununua, kutazama tu kazi za mikono za watu wa kale. Aliyetuongoza ni Mwalimu Subira, aliyekuwa akifundisha sanaa shuleni, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita watoto mbali. Kabla hatujapanda meli alitupanga mstari akatupa sharti moja: macho mbele, mikono nyuma. Vitu vya watu vya kale hutazamwa, havishikwi.

Siku mbili za kwanza tulistarehe kwelikweli. Tulifunguliwa masanduku yenye harufu ya udi, tukaonyeshwa kisutu kilichovaliwa na maharusi wa vizazi vitatu, na leso za zamani ambazo nakshi zake zilipigwa kwa mhuri wa mti. Tuliona mlango uliochongwa na fundi ambaye hata wajukuu wake hawalijui tena jina lake. Tatu, ambaye ndiye huyuhuyu Tatu wenu, alikula pweza mpaka akashindwa kupanda ngazi. Mikono yangu ilikaa nyuma siku zote mbili, nami nilijiona nimekomaa.

Siku ya tatu tulikwenda kijiji kimoja upande wa Wete, kwa msusi mmoja mzee aliyeitwa Bi Mize. Siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vipya, kwa ushamba tu wa kutaka kuonekana, na vilikuwa vimenichubua kisigino. Wenzangu walipoingia ndani kutazama mikeka, nilibaki nje barazani nipumzishe mguu. Hapo barazani kulikuwa na ungo, na juu ya ungo kulikuwa na ukili, ule utepe wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka, umekunjwa duara na kuanikwa juani. Nao haukuwa umemalizika. Ncha yake ilifungwa kwa kitambaa cheupe, na makindu yaliyosalia, yale majani ya mkindu ya kusukia, yalining'inia kiasi cha shibiri moja, yakingoja mkono.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana ninyi mmekulia kwenye mazulia. Kwetu wakati ule, ukienda kwa mtu ukakuta ukili umelazwa haujamalizika, huketi tu ukautazama. Unauchukua, unasuka kidogo huku mnazungumza, ndiyo salamu yako kwa mwenye nyumba. Mgeni aliyekaa kando ya ukili mikono mitupu alisemwa kijiji kizima. Basi sharti la Mwalimu Subira lilikuwa la siku tatu, na desturi ya mama yangu ilikuwa ya miaka thelathini. Nikafungua kile kitambaa. Makindu yalikuwa makavu, nikayanyunyizia maji ya mtungini yakalainika, nikasuka. Nilisuka vizuri, siwafichi. Nilifuata mwendo wa mwenyewe hadi makindu yakaisha, nikafunga kitambaa pale mwisho mpya, nikauweka ukili ungoni nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Wakati huohuo, huko ndani, Bi Mize alikuwa akiwasimulia wenzangu habari ya ukili uleule. Niliisikia kupitia dirishani, sauti yake ikija polepole.

Alisema ukili ule ni wa mama yake, Bi Raya. Bi Raya alikuwa akimsukia mjukuu wake mkeka wa harusi, mjukuu mwenyewe akiwa bado mtoto wa chuo cha Kurani. Siku moja akaufunga kitambaa akaenda kulala akiwa na homa, na hakuamka tena kuusuka. Tangu hapo ilikuwa miaka tisa. Kila Ijumaa Bi Mize huutoa akauanika, akaushika pale penye kitambaa, kwa kuwa pale ndipo mkono wa mama yake ulipoishia. Sasa yule mjukuu, Salha, alikuwa ameshaposwa, harusi imebaki miezi minne, na nyumba nzima ilikuwa ikimsihi Bi Mize aumalizie mkeka. Hakutaka. Aliona akiongeza hata unyuzi mmoja wa kwake, mkono wa mama utachanganyika na wake, na hatajua tena mama yuko wapi. Walikuwa wamemnunulia Salha mkeka wa plastiki dukani.

Niliuchukua ukili, nikafungua tena kitambaa, nikajisemea nitafumua nilichosuka kabla hawajatoka. Lakini nifumue hadi wapi? Nilikuwa nimeulinganisha vizuri mno na wa Bi Raya. Nilitazama, nikageuza, nikatazama tena, sikuona pa kusimama. Nikifumua kidogo, nitaacha wizi wangu ndani. Nikipitiliza, nitafumua kazi ya marehemu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikaa nao mapajani, na machozi yakanitoka.

Walipotoka, Mwalimu Subira aliona kitambaa mkononi mwangu akajua mara moja. Hakunigombeza, alifumba macho tu. Mimi nikapiga magoti mbele ya Bi Mize.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Nimeusuka. Sikujua ni wa nani, nilidhani ni salamu. Nilitaka kufumua lakini sipaoni nilipoanzia."

Bi Mize alikuwa na mtoto wa jicho, alimwona mtu kama kivuli. Alinyoosha mikono yake miwili. Kisha akasema, "Nipe."

Nikampa. Alikaa chini, akaanza kuupapasa ukili kwa kidole gumba kutoka mbali, taratibu, akija upande wa ncha. Tulikitazama kidole hicho sote kumi na mmoja na mwalimu wetu. Kidole kikaja, kikaja, kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikaja tena, kikasimama palepale.

"Hapa," akasema. "Mama yangu anaishia hapa. Wewe unaanzia hapa."

"Umejuaje, mama?" Tatu akauliza.

"Mama alikuwa wa mashoto. Kula alikula kwa mkono wa kulia kama watu, lakini kusuka alisuka kwa kushoto. Ukiupapasa ukili wake kuja mbele, unakwaruza kidogo. Huu wa mwenzenu unateleza." Akashika mkono wangu, akakiweka kidole changu pale. "Papasa."

Nikapapasa. Ilikuwa kweli. Macho yangu mawili mazima hayakuona kitu, lakini kidole kilijua mara moja mtu mmoja amenyamaza na mwingine ameanza kusema.

Bi Mize akarudia kupapasa, mara ya tatu, mara ya nne, na uso wake ukawa unabadilika. Nilingoja anitukane, na ningeona ni haki yangu. Badala yake akaanza kucheka kwa sauti ndogo, huku machozi yanamtiririka.

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa namlinda mama asipotee, kumbe hapotei. Mgeni amepita juu yake na bado yupo palepale." Akaita kuelekea ndani, "Salha! Niletee ukindu, mwanangu. Ule mwororo. Na ule mkeka wenu wa plastiki mkatandike jikoni."

Nilimwambia anipe ruhusa nifumue shibiri yangu, kwa kuwa sasa pa kusimama papo. Akakataa. Akasema aliyefungua mlango hafukuzwi barazani. Akaunganisha ukindu mpya pale shibiri yangu ilipoishia, akasuka mbele yetu mpaka tukaitwa kwenda kuwahi meli, na alikuwa akisuka bado tulipokunja kona.

Miezi minne baadaye nilialikwa harusini. Nilikwenda na viatu vya zamani. Mkeka ulikuwa umetandikwa chumbani, mpana, mweupe, na Bi Mize akanishika mkono akanipitisha kidole juu yake. "Huyu mama," akasema. "Huyu mimi." Halafu kati ya sehemu hizo mbili akasimama akatabasamu. "Na huyu yule mwenye mikono isiyotulia. Umelegeza ukingo hapa, nilikuwa sijakwambia." Wanawake wote waliokuwepo wakacheka, nami nikacheka, maana ulikuwa umelegea kweli. Ndipo mmoja wao akasema maneno ambayo tangu siku hiyo yametembea Pemba na Unguja, na watu huyasema kila anapoogopa mtu kuendeleza kazi njema ya aliyetangulia. Na huyasema pia, kwa kuwachokoza, wale wenye kazi ya ovyo wanaodhani haitajulikana ni yao.

Rukia, hilo gauni la kijani ulilovaa, pinda upindo uutazame. Unaona mama yako alivyokuwa akirudi nyuma mishono mitatu kila anapofika mwisho? Nani mwingine anashona hivyo hapa kwetu? Hata ukishona magauni elfu, mishono hiyo mitatu haitakuwa yako. Basi kesho asubuhi ifute vumbi cherehani yake, tia mafuta, uketi.

Ukili haumsahau aliyeusuka.