Mzee Songoro na Choki ya Injini

"Choki ni ya kuamshia, si ya kusafiria." Ndiyo, jana mlimsikia shangazi yenu akimtupia maneno hayo mama wa bibi harusi, yule aliyetaka kuhamia kwa wanandoa na godoro lake. Mkacheka bila kujua mnachokicheka. Leo mnaniuliza maneno yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Kasunga, na siku hiyo nilikuwepo, nimekaa juu ya gunia langu la dagaa. Ila asinikatize mtu. Nikikatizwa huwa siendelei.

Enzi hizo hapakuwa na barabara ya kutoka hapa kwenda Kalunga. Njia ilikuwa ziwa, na boti ya abiria ilikuwa moja tu, ya Mzee Songoro. Injini yake ilikuwa kuukuu, rangi imebanduka yote. Ilikuwa na kamba ya kuvutia, na kijiti kidogo wanachokiita choki. Asubuhi injini ikiwa baridi unakivuta, inapata petroli nyingi na hewa kidogo, inaamka. Ikishapata moto unakirudisha. Hata mimi nisiyejua kushika spana najua hilo.

Mzee Songoro naye alijua, lakini choki yake hairudi. Mwaka mmoja aliirudisha, injini ikamzimikia karibu na majabali, akanusurika. Toka siku hiyo akaapa hairudishi tena. Kumbe ubovu ulikuwa kwenye kabureta: skrubu yake ilikuwa imebanwa mno, petroli inapita kwa shida. Badala ya kuilegeza, akawa anauficha ubovu kwa choki. Boti ikatoa moshi mweusi kama tanuri la matofali, na plagi hazimalizi wiki. Tukimwambia, anajibu, "Injini yangu, moshi wangu." Basi, tukaendelea kukohoa.

Alikuwa na binti mmoja, Sikudhani, aliyemfundisha kazi hiyo mwenyewe. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulipoanza kumziba macho, mzee akakubali kumwachia boti, kwa shingo upande. Akasema mbele ya watu pale mwaloni, boti inapoegeshwa: binti aende Kalunga na kurudi peke yake, bila kushikwa mkono. Akishindwa, boti inauzwa kwa mtu wa mjini ambaye alishakuja kuiangalia mara mbili. Sikudhani hakuwa na shamba wala biashara nyingine. Boti ikiondoka, na yeye kazi imekwisha.

Asubuhi ya safari tukapanda, watu kumi na mmoja. Mmoja wetu alikuwa fundi Kilahumba, mtu mpole, anakwenda kutengeneza mashine ya kusaga kule Kalunga. Mzee akaja na fimbo yake.

"Nakuwashia tu, mwanangu, kisha nashuka."

Akavuta choki, akavuta kamba, injini ikanguruma. Tukasubiri ashuke. Thubutu! Akakaa ubavuni mwa binti yake, mkono mmoja juu ya injini. Akawa anaamrisha tu: kata kushoto. Punguza. Siyo hivyo. Sikudhani akipeleka mkono kwenye choki, anapigwa kikofi kama mtoto anayedokoa mboga. Binti akawa anatazama mbele tu, midomo ameikaza. Nilimhurumia, lakini nani aingilie ya mtu na baba yake?

Tulipofika usawa wa majabali, injini ikakohoa, ikatema moshi, ikazima. Mzee akaivuta choki mpaka mwisho, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena na tena, mpaka petroli ikawa inadondoka majini. Upepo nao ukaanza kutusogeza kwenye mawe. Nisiwafiche, nililia kwa sauti na kuwaita wanangu kwa majina.

"Baba, imelewa mafuta," Sikudhani akasema. "Naomba nafasi."

"Unajua nini wewe? Hii bila choki haiendi!"

"Baba, tafadhali. Sogea."

Mzee hakusogea. Ndipo fundi Kilahumba akamshika mkono wa kanzu.

"Mzee Songoro, choki ni ya kuamshia, si ya kusafiria. Wewe umeshaamsha. Njoo ukae na sisi huku."

Fundi hakuwa anaitazama injini aliposema hivyo, alikuwa anamtazama Sikudhani. Mzee akanigeukia mimi, akidhani nitamtetea. Nikainamisha uso. Akainuka, akaja kukaa kwenye gunia langu.

Sikudhani akairudisha choki. Akafungua plagi, zimelowa chapa, akazifuta kwa ncha ya khanga yake. Akavuta kamba mara kadhaa, injini ikatema petroli iliyoizidi. Akarudisha plagi, akavuta tena. Ikawaka, ikaanza kuyumba kama inayotaka kuzima. Akachukua kisu, akailegeza ile skrubu ya kabureta kidogo, akasikiliza, akailegeza tena kidogo. Mzee alifumba macho akisubiri izime. Injini ikatulia, ikanguruma sawasawa, na moshi ukakatika. Mawe tuliyapita karibu mno, hata leo sipendi kuyakumbuka.

Mnadhani mzee alifurahi? Alinuna mpaka Kalunga. Alishuka bila kumuaga mtu.

Alasiri tukapanda boti kurudi. Yeye akabaki amesimama majini, maji ya magoti.

"Baba, panda twende."

"Nilisema uende na urudi peke yako. Leo nalala kwa dada yangu."

Akaweka bega kwenye boti, akatusukuma. Tulipokuwa tumeshatoka hatua chache, akapaza sauti, "Sikudhani! Injini imepoa, vuta choki!"

Binti akavuta choki, akavuta kamba, injini ikawaka. Mzee akanyanyua mkono kana kwamba anataka kumzuia mtu. Akaushusha.

"Haya, irudishe," akasema. "Irudishe, mama, uende zako."

Sikudhani akairudisha huku machozi yanamtoka, na boti ikaenda. Mtu wa mjini aliporudi aliambiwa boti haiuzwi. Mzee Songoro alisafiri nayo kwa miaka mingi baada ya hapo, amekaa kati yetu abiria, injini ameipa mgongo, anabishana habari za tumbaku. Kwa hiyo shangazi yenu jana hakumtukana mama wa bibi harusi. Alimwambia kazi yake ameifanya, na ameifanya vizuri. Choki ni ya kuamshia, si ya kusafiria.