Gari Lililoingia kwa Mgongo

Aingiaye kwa mgongo hutoka kwa uso. Ndivyo mlivyomsikia Mama Chausiku akimwambia kijana wa bajaji hapo nje, mkacheka, mkaja kuniuliza ni maneno gani hayo. Kaeni basi. Wewe sogea kidogo, mwenzio apate pa kukaa. Mkeka wangu haujawahi kumkataa mtu. Methali hii ilizaliwa Muheza, harusini, na aliyeizalisha ni mwanamke muuza machungwa ambaye gari, tuseme kweli, hakulijua sana.

Harusi ilikuwa ya Sauda. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo walii wa kumwozesha alikuwa babu yake mzaa baba, Mzee Shekibula wa Mkanyageni. Nyumba ya babu ilikuwa ndogo, shughuli ikahamishiwa kwa mjomba, Majengo, penye ua mpana wenye lango moja jembamba. Bwana harusi, Mhando, alikuja na ndugu zake kutoka Pangani wakiongozwa na ami yake, Mzee Jumbe, mtu mwenye heshima zake na mwepesi wa kununa. Simu za mkononi zilikuwa bado. Habari ilikwenda kwa miguu, au kwa gari ukibahatika.

Msafara wa upande wa bibi harusi ukatoka Mkanyageni kwa honi na vigelegele, mjomba naye akiwamo, maana alikwenda na gari lake kuwachukua. Mbele alikuwa Twalibu, kaka yake Sauda, na Datsun ya kuazima. Aliingia langoni mbio, akafunga breki pua ya gari ikikaribia kuubusu ukuta. Wasichana wakampigia makofi, naye akashuka kama waziri. Wenzake wakafuata vivyo hivyo, pua ukutani, wengine nyuma ya wenzao, wamebanana kama mbuzi kwenye hori.

Mara akatokea Bi Mwantumu, shangazi wa Sauda. Yeye hakuwamo msafarani. Alitoka moja kwa moja sokoni na pikapu yake ya Pijo, machungwa bado yamo nyuma. Alipofika langoni hakuingia. Aligeuza gari, akaanza kuingia kinyumenyume. Akarudi, akaenda mbele, akarudi tena. Akaponda ndoo. Akalaza mgomba. Wapishi wakaacha masufuria waje kutazama.

"Shangazi!" akapaza sauti Twalibu. "Harusi iko mbele, wewe waiendea kisogo?"

"Mwacheni, gari lina haya, halitaki kuonyesha uso!" akadakia mwingine.

Bi Mwantumu akatoa kichwa dirishani, jasho likimtiririka. "Chekeni mchoke! Kurudi nyuma sikujui, na mwenyewe najijua kuwa sikujui. Bora nihangaike sasa hivi, hakuna anayenikimbiza."

Mwishowe akasimama karibu na lango, uso wa gari ukitazama barabarani. Watu wakamshangilia kwa dhihaka, naye akawapungia kwa raha zake.

Shehe akakaa mkekani, Mhando akakaa mbele yake na kanzu inang'aa. Shehe akauliza, "Walii yuko wapi?"

Watu wakageuka huku na huku kumtafuta.

"Si alikuja na mjomba?" akasema Twalibu.

"Mimi? Mimi nilijua yumo kwako!"

"Sisi tulidhani yumo gari la akina mama..."

Jamani! Kila gari lilidhani mzee yumo katika gari jingine. Mwozeshaji wamemwacha nyumbani.

Sasa mnajua maneno ya harusini yanavyokwenda. Mkekani walisema babu hayupo. Ukumbini yakawa babu hakuja. Yalipofika jikoni, babu amegoma, kasema mchumba hamtaki! Na ya jikoni hayakai jikoni. Yakamfikia Mzee Jumbe. Akainuka, akavaa viatu.

"Kama hatutakiwi, tungeambiwa kabla ya kutoka Pangani. Mhando, simama."

Ndani, Sauda akasikia. Wanja ukaanza kushuka na machozi.

"Mzee wangu, hajakataa," mjomba akamsihi. "Tumemsahau tu."

"Kofia husahauliwa. Mzee mzima husahauliwaje?" Mzee Jumbe akamwangalia shehe, aliyekuwa na nikahi nyingine baada ya alasiri. "Mleteni aseme kwa kinywa chake. Shehe akiondoka kabla hajafika, na sisi tunaondoka, na harusi ndiyo imekwisha."

Twalibu akarukia Datsun yake. Lo! Nyuma yake limekaa gari ambalo mwenyewe kaenda msikitini na ufunguo. Akajaribu kupenya pembeni. "Rudi! Rudi! Simama, kuna mtoto! Kata kushoto! Siyo kushoto hiyo!" Kila mtu akawa fundi. Tairi la nyuma likatumbukia kwenye mtaro wa maji ya vyombo, likakaa humo.

Bi Mwantumu alijifunga kanga kiunoni, akapanda, akawasha. Pijo ikatoka langoni kama iliyoitwa.

Alimkuta baba yake, ndiye huyo babu wa Sauda, barazani kwake Mkanyageni, kavaa joho, bakora mkononi.

"Baba! Mbona hukupanda?"

"Kila gari lilipopita walinipungia mkono, na mimi nikawapungia. Nikasema basi, langu ni la mwisho."

Waliporudi, shehe alikuwa amekwisha kusimama, mwavuli kwapani. Babu akashushwa, akashikwa mkono hadi mkekani. Mzee Jumbe, viatu bado miguuni, akauliza, "Mzee mwenzangu, kijana wetu unamtaka au humtaki?"

"Nimechomwa na jua tangu asubuhi ndani ya joho hili zito," akasema babu. "Nisingemtaka, si ningevaa singlendi nikalala?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee Jumbe akavua viatu, akaketi. Nikahi ikasomwa, na Sauda alipoulizwa ndani, aliitika kabla swali halijaisha. Vigelegele vilisikika hadi stesheni!

Baada ya pilau, Mzee Jumbe akatoka akijilamba vidole, akawakuta vijana wanaisukuma Datsun, matope mpaka magotini. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Wanangu, nyinyi mliingia kwa uso, ndiyo maana mnahangaika na mgongo. Aingiaye kwa mgongo hutoka kwa uso!"

Maneno yakashikwa palepale. Wapishi wakayapeleka sokoni, sokoni wakayapeleka Pangani, na leo yako hapa mlangoni kwangu. Wala si ya magari peke yake. Mtu akianza na lile gumu angali na nafasi, mwacheni ahangaike, acheni aponde hata ndoo. Siku ya mbio mtamwona anavyopita. Aingiaye kwa mgongo hutoka kwa uso.