Nguchiro, Vibuyu vya Baridi na Mkeka wa Mbingu

Paukwa!

Pakawa!

Siwasikii! Mmekula ugali au mmekula pamba? Paukwa!

PAKAWA!

Chungu?

Cha kunde!

Kifuniko?

Juu yake!

Na kikifunuka?

Mvuke nje!

Haya, kaeni vizuri. Wewe Mwanaidi, acha kutafuna miwa masikioni mwangu. Ninayoyasema leo ni makubwa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na ndege wakiwajibu, Jua lilikuwa na sindano. Ndiyo, sindano! Mwanga tunauona, joto tunalisikia, lakini sindano zake hakuna aliyeziona. Zilichoma macho. Zilichoma ngozi. Zilichoma hata jani bichi.

Basi Mungu akatandika mkeka mbinguni. Mkeka mwembamba, wa buluu, kutoka upande huu wa dunia mpaka upande ule. Mwanga ukapita. Joto likapita. Sindano zikanasa mkekani. Dunia ikakaa raha mustarehe.

Sasa katika Nchi ya Joto, pale katikati ya dunia, alikaa Fisi, na Fisi alikuwa na shida moja. Nyama yake ilioza. Akiipata asubuhi, adhuhuri inanuka. Akawa analia njia nzima, "Nyama yangu! Nyama yangu!"

Nguchiro akamsikia. Mnamjua Nguchiro? Mwili mdogo, mkia mrefu, na maneno, ah! Maneno yamemjaa mpaka puani. Nguchiro akaingia pangoni, akakaa humo siku tatu, akatoka na kibuyu.

"Fisi, lete nyama yako," akasema. Akachomoa kizibo. Psssss! Ikatoka pumzi ya baridi, haina harufu, haina moshi, haiunguzi. Nyama ikapoa kama jiwe la mtoni. Kesho yake ni nzima. Kesho kutwa ni nzima!

Fisi alicheka mpaka akakaa chini.

Basi ikawa shamrashamra! Kiboko akataka chake, apoze mgongo. Psssss! Tembo akataka chake, apoze masikio. Psssss! Vibuyu vikapelekwa ng'ambo, mpaka kaskazini ya mbali, ambako Mbweha alitia marashi ndani ya chake, akawa anajipulizia asubuhi na jioni, eti anukie. Psssss! Dunia nzima psssss! Na wote wakawa wanaimba:

"Kibuyu, kibuyu, tupe baridi!
Pumzi yako itakwenda wapi?"

Na Nguchiro anaitikia:

"Itakwenda zake! Itakwenda zake!"

Lakini ilikwenda wapi, wenzangu? Ilipanda juu. Upepo ukaichukua, ukaisukuma kusini, kusini kabisa, mpaka Nchi ya Barafu. Huko ikajikusanya, ikaanza kuutafuna mkeka.

Nchi ya Barafu ndiko alikotoka Membe, ndege mweupe wa pwani, mwenye mbawa kama panga. Kila mwaka Membe alipita Nchi ya Joto akienda kaskazini, akapumzika. Huko kwao aliacha kifaranga kimoja kwa dada yake. Ni hicho tu alichonacho.

Mwaka wa kwanza akaja. "Hodi!"

"Karibu, dada Membe! Mbona macho mekundu?"

"Jamani, mkeka wetu umetoboka! Sindano zinaingia. Macho yananiuma, na kifaranga changu ndiyo kwanza kimeanguliwa. Nawaomba, fungeni vibuyu!"

Wanyama wakatazamana. Tembo akataka kusema neno. Nguchiro akamkatiza.

"Mmemsikia? Amesema mkeka *wetu*. Wetu! Yaani wao, wa huko barafuni. Sisi hapa wa kwetu uko salama, tazameni juu. Dada Membe, huko kwenu nani ana kibuyu?"

"Hakuna."

"Basi sisi tunahusikaje? Mkeka ni wenu, tobo ni lenu. Tieni kiraka!"

Wakacheka. Psssss! Membe akaondoka.

Mwaka wa pili akaja. "Hodi!" Jicho moja limefumba.

"Jamani, mkeka wetu umetoboka zaidi! Tobo limetoka barafuni, limewafikia Kondoo wa nchi za kusini. Kifaranga changu nakifunika kwa mbawa mchana kutwa. Nawaombeni!"

"*Wetu* tena!" Nguchiro akapiga makofi. "Shoga, nunua kofia!"

Kofia! Ndege avae kofia, aruke nayo baharini! Na watu wazima wakacheka, nawaambieni. Mimi nikifika hapo natamani kumpiga Nguchiro kofi. Tembo peke yake hakucheka, lakini naye alinyamaza, na kibuyu chake hakukiziba.

Mwaka wa tatu hawakusikia hodi. Walisikia kishindo, pu! Kitu cheupe kimejigonga kwenye mguu wa Tembo, kimeanguka mchangani.

"Membe!" Tembo akasema. "Mbona unanigonga? Mimi na ukubwa wote huu, hunioni?"

"Sikuoni, Mzee Tembo," Membe akajibu. "Nimekuja kwa kusikia mawimbi, kisha nikafuata nyimbo zenu. Mimi nimeshakwisha. Lakini kifaranga changu bado kinaona. Mwaka huu bado. Mkeka wetu umetoboka, jamani."

Hakuna aliyecheka.

Nguchiro alikuwa amejilaza mkekani kwake, kwenye kivuli kizuri kuliko vyote, kivuli ambacho wengine walikikimbia kwa sababu chini yake siafu walipita. Yeye alitandika mkeka juu ya siafu, basi, akalala. Akainua shingo. "Pole, dada. Lakini mkeka wenu ni..."

"Ngoja kwanza!" Sauti kali ikatoka juu ya mti.

Alikuwa Mnana, ndege fundi wa kusuka. Shangazi Mnana hana mzaha. Akashuka, akatua kwenye pembe ya mkeka wa Nguchiro, mbali na Nguchiro, kule kwenye ncha.

"Nguchiro, mkeka huu una kili ngapi, hii mikanda ya ukindu iliyosukwa?"

"Nyingi! Tazama, hii moja, hii ya pili, hii ya tatu. Hata mbinguni ndivyo. Kila nchi na ukili wake."

"Eti nyingi!" Mnana akacheka. "Hujasuka wewe, unalalia tu. Mkeka una ukili mmoja! Mmoja mrefu, unazungushwa, unazungushwa, ukingo unashonwa na ukingo. Wewe unaona mistari, ukadhani ni vipande. Waulize mama zako!"

"Uongo!"

"Uongo? Haya."

Mnana akashika uzi wa mshono pale kwenye ncha, akavuta. Kwaruu! Mshono ukafumuka. Akavuta. Kwaruu! Ukazunguka huku, ukazunguka kule. Akavuta mara ya tatu. Kwaruuu! Mkeka ukaachia katikati, chini ya makalio ya Nguchiro, na siafu wakapanda!

"Uwiii! Uwi uwi uwi!" Nguchiro akaruka. Akarudi. Akaruka tena! Siafu mkiani, siafu kwapani, siafu kusikosemeka. "Mkeka umetoboka! Mkeka umetoboka!"

"Mimi nimevuta huku nchani," Mnana akasema taratibu. "Sijakugusa. Mbona unalia wewe?"

Nguchiro alisimama akihema, siafu mmoja bado anamning'inia puani.

"Alisema *wetu*," Tembo akasema, na machozi yakamshuka kwenye mkonga. "Miaka mitatu anasema wetu, na sisi tumo ndani ya neno lake. Sisi tukajitoa wenyewe."

Halafu akapiga parapanda! Paaa! "Zibeni vibuyu! Zibeni! Zibeni!"

Ee, lau mngeona mbio zile! Nyuki wakatoa nta. Twiga akaokota vya juu, Kakakuona akachimbua vya chini. Kiboko akakileta chake mdomoni, akakitema. Mbayuwayu wakapeleka habari kaskazini, na Mbweha, kwa uchungu mkubwa, akaacha kunukia. Fisi alificha kimoja shimoni. Mara psssss! Wote wakageuka. "Ulimi uliniteleza," akasema. Wakamnyang'anya.

"Na nyama yangu je?" Fisi akalia.

Wakamtazama Nguchiro. "Akili zako zilituingiza, akili zako zitutoe." Nguchiro akaingia tena pangoni siku tatu. Akatoka na gunia. Akalilowesha maji, akalitundika penye upepo, nyama ndani. Ikapoa! Haikupoa kama ya kibuyu, lakini ilipoa, na haikuutoboa mkeka.

Je, tobo liliziba siku ile? Thubutu! Pumzi iliyokwisha kupanda haikushuka. Mwaka wa kwanza tobo halikupungua. Mwaka wa pili likakua kidogo, na wengine wakaanza kunung'unika. Mwaka wa tatu likasimama. Kisha mkeka ukaanza kujisuka wenyewe, polepole, upana wa ukucha kwa mwaka. Nguchiro ndiye aliyepewa kazi ya kuulinda, na ndiyo maana hadi leo utamkuta amesimama kwa miguu miwili, shingo juu, anatazama.

Membe hakuweza kurudi kwao. Alikaa na Mnana, akilishwa. Akawa anauliza kila jua likichomoza, "Kutoka kusini kuna habari?" Hakuna. "Kutoka kusini?" Hakuna.

Siku moja ikaja sauti nyembamba, sauti ngeni. "Hodi! Namtafuta mama yangu. Mama mkubwa aliniambia anapita hapa."

Membe aliinuka. Hakuuliza jina. Hakuuliza habari za dada. Aliunyoosha mdomo wake, akaupapasa uso wa mwanawe, akagusa jicho la kulia, likapepesa. Akagusa la kushoto, likapepesa. Mazima yote mawili! Membe akalia kwa furaha mpaka nchi nzima ikalia naye.

Yake hayakurudi. Mkeka unajisuka, macho hayajisuki, na mimi sitawadanganya kwa kuwa ninyi ni watoto.

Basi wenzangu, funzo ndilo hili. Mkeka ule wenye kusoma wanauita tabaka la ozoni, na ni mmoja kwa dunia nzima. Unachokifungua kwako kitamchoma wa mbali, asiyekujua, asiye na kibuyu. Akija kulia kwako akasema *wetu*, usimuulize wa nani. Inuka uzibe.

Hadithi yangu nimeikunja, nimeiweka kwapani. Aliyeipenda aende nayo kwao, aliyelala atamuuliza jirani.