Kibindo cha Bi Kidawa

"Mtaji na mlo havilali kibindo kimoja." Mmeisikia sokoni leo, wajukuu zangu, na sasa mnaniuliza nani aliyeisema kwanza. Basi chanzo chake ni hiki.

Huko Wete alikuwepo mjane mmoja, Bi Kidawa, muuza vitumbua. Pesa zote alizopata, za mchele wa vitumbua na za kitoweo cha nyumbani, alizifunga pamoja kibindoni, kwenye pindo la kanga kiunoni mwake. Kila asubuhi, Kidawa akigeuza vitumbua, Makame, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alipita na mzaha wake ule ule: "Shemeji, kibindo kimeamka?" Naye humfungulia, akampa ya kahawa, siku nyingine ya nauli. Hakujua kumkatalia. Makame ndiye aliyesimamia mazishi.

Asubuhi moja, kabla Makame hajapita, Bi Time, mteja wake, aliingia uani mbio, hata viatu hakuvua.

"Kidawa mwenzangu, harusi ya mwanangu imevutwa! Si Jumapili tena, ni kesho. Vile vitumbua mia tatu nilivyolipia mbele, nivikute saa moja asubuhi. Wakwe hao wanakuja, usiniaibishe!"

"Usihofu, dada," alijibu Kidawa.

Bi Time alipoondoka, Kidawa akafungua kibindo juu ya mkeka. Akahesabu, akarudia. Malipo ya Bi Time yamekwenda wapi? Alijaribu kukumbuka: dawa ya kikohozi ya mwanawe, samaki wa Ijumaa, kahawa za Makame... Hakuna aliyeiba. Zimeliwa kidogo kidogo, na mlaji mwenyewe hakuona.

Zilizobaki zilitosha mchele, nazi na mafuta, zisipopungua hata senti. Na mchele usiporowekwa kabla ya adhuhuri, haungelainika ukasagika. Harusi ikikosa vitumbua, nani tena Wete nzima angemwagiza? Watoto wake wawili hawakuwa na riziki nyingine.

Akainuka kwenda dukani. Mlangoni, Makame.

"Shemeji, kibindo kimeamka?"

"Leo bado kimelala."

Makame akacheka. "Kiamshe basi! Nataka nauli tu, niende Chake Chake. Mbona umekikumbatia kama kifaranga?"

 Vidole vya Kidawa, kwa mazoea, vilikwishaanza kulifungua fundo.

"Hima, shemeji, gari litaniacha."

Noti ilikuwa tayari mkononi. Pishi nzima ya mchele hiyo. Akaitazama, kisha akamtazama Makame, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Shemeji, ulimzika mume wangu, na fadhila yako sitaisahau. Lakini hii si ya nauli."

"Ya nani basi? Si kibindo chako?"

"Kibindo changu, pesa za mchele wa watu." Akaikunja noti. "Nimezichanganya na za kula mpaka sijui nilichokula. Kosa ni langu, si lako. Nikikupa hii leo, kesho sina kazi."

Makame hakucheka tena. Akasogea kando, akampisha.

Kidawa akairudisha noti, akalikaza fundo. "Kuanzia leo, ya kazi nitaiweka mbali, na ya kula mbali. Ukinikuta na ya kula, tutakula sote. Lakini mtaji na mlo, shemeji yangu, havilali kibindo kimoja."