Chupa Iliyoandikwa Holo

Hapo zamani, si zamani sana maana aibu yake bado haijapoa, walikuwepo wanawake watatu waliosomea shahada ya uzamili ya sayansi: Bupe, Tumsifu na Minza. Kwenye maabara yao wanawake walikuwa hao hao watatu. Wakaunda umoja, wakaapa kutoachana, wakaanza kuwafuata mabinti mashuleni ili nao wapende sayansi.

Wakafika shule moja ya Usukumani. Bupe akasema, "Kila binti alete maji ya kwao kwenye chupa, aandike jina lake. Tutayatazama kwa hadubini." Mabinti wakaleta. Holo wa darasa la sita ndiye aliyewahi kuliko wote.

Tumsifu akatazama chupa ya kwanza, akaiweka kando. Akatazama ya pili, akaiweka kando. Akatazama ya Holo, akaruka kwa furaha, maana vijidudu vile ndivyo alivyovisomea miaka miwili. "Jamani, njooni muone! Vimejaa tele!" Darasa zima likapanga foleni, likaona, likacheka. "Kumbe kwa kina Holo mnakunywa wadudu!"

Minza alisimama pembeni. Yeye alizaliwa huko huko. Tangu alipoiona chupa alijua ni maji ya lambo, wanakokunywa ng'ombe na watu, na kwamba yeye mwenyewe alikuzwa nayo. Akanyamaza, wenzake wasijue.

Kesho yake Holo hakuja. Kesho kutwa hakuja. Akasema shule basi.

Watatu wakaenda kwao, macho chini. "Shikamoo mama." Mama yake Holo akaitikia, akasimama mlangoni. "Mwanangu amekubali kumsikiliza mmoja tu, yule aliyemkosea zaidi. Mkimpelekea mwingine, harudi shule. Ni nani?"

Bupe akasema, "Ni mimi, mama. Majina niliyataka mimi. Bila jina, nani angejua maji ni ya nani?"

Tumsifu akasema, "Ni mimi niliyepiga kelele. Nilisahau kabisa kwamba mwenye chupa amesimama nyuma yangu."

Minza alikuwa analia. "Hawa hawakujua, mama. Mimi nilijua. Ningesema tu, 'Hata mimi nimekunywa haya,' darasa lingeacha kucheka. Niliona haya."

"Mmoja," mama akasema, akafungua mlango.

Na ninyi mnaonisikiliza, mnatazamana nini? Mlikuwa hodari wa kucheka pale kwenye chupa, nimewasikia. Sasa semeni. Holo yuko ndani, anasubiri: je, nani aingie?