Mkasi na Siku Iliyogawanyika

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa jana?
— Pakawa na leo!
Basi sogeeni. Atakayelia alie polepole. Ngano hii haina harusi ndani yake.

Hapo kale, kale ile ya mbali, palikuwa na mjane akiitwa Mkasi. Alikuwa na kaka, Faki, aliyekaa nyumba ya jirani. Na alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka saba, jina lake Mize.

Kijiji chao hakikuwa na mto wala kisima. Maji yalikuwa chini ya pango. Unashuka mawe, unateka, unapanda.

Siku moja Mkasi alikuwa kibarazani akisuka ukili wa mkeka. Akasema, "Mize, kateke maji."

"Mama, twende sote."

"Nenda, nina kazi."

"Mama, twende sote. Mawe yanateleza."

"Nenda!"

"Mama, twende sote."

"Nenda peke yako, mtoto mbishi wewe!"

Mize akaenda. Hakurudi. Faki ndiye aliyemtoa majini, akampandisha begani, maji yakimchuruzika njia nzima. Wakamzika alasiri ile ile.

Mkasi hakulia mazikoni. Watu wakasema ana moyo mgumu. Lakini kila asubuhi alishuka pangoni, akakaa juu ya jiwe, akasema, "Laiti ningekwenda naye." Akasema hivyo siku ya kwanza. Akasema hivyo siku ya kumi. Siku ya arobaini, kenge mkubwa akatoka katika ufa wa mwamba, ulimi wake wa panda ukicheza.

"Mama, umenichosha masikio," kenge akasema. "Wala hujui unachosema. Ulikwenda naye."

"Usinicheke, mnyama wee. Sikwenda."

"Wewe wa huku hukwenda. Siku ile ilifika mahali ikagawanyika. Upande huu ulisema nenda. Upande wa pili Mkasi aliacha ukili wake, akasema twende. Siku zote mbili zipo, na huu ufa ndio mpaka."

Mkasi akamshika kenge mkia. "Nipitishe."

"Nitakupitisha mara tatu. Mara ya kwanza utatazama. Mara ya pili utasema. Mara ya tatu, ukikaa mpaka jua likatua, hamtakuwa wawili. Mwenye upande ule atatupwa huku."

"Nipitishe."

Akapita. Kukawa na pango lile lile, njia ile ile, nyumba ile ile. Akajificha migombani. Akamwona Mize kibarazani, yu hai, anasukwa nywele, analalamika kwamba anavutwa. Na anayemsuka ni yeye mwenyewe, Mkasi, mnene kidogo, uso hauna hata kivuli cha majonzi. Akatazama mpaka miguu ikafa ganzi. Akarudi.

Siku ya pili akapita tena. Akamkuta Mize peke yake uani, anapepeta mchele.

"Mama, umesharudi shamba?"

"Nimerudi, mwanangu."

"Mbona umekonda?"

Mkasi akamkumbatia. Akamnusa shingo, akamnusa nywele, akamnusa viganja. Mize akacheka, akasema, "Mama, mchele unamwagika." Akamwachia. Akarudi.

Siku ya tatu akapita akiwa na nia moja. Akakaa migombani mchana kutwa. Jua likashuka. Yule Mkasi wa pale alikuwa akiosha vyombo nje, anaimba kwa pua. Jua likagusa miti. Jua likazama. Bakuli likaanguka, likavunjika, na pale alipokuwa hapakuwa na mtu.

"Mama! Nini hicho?" Mize akaita kutoka ndani.

Mkasi akatoka migombani, akaokota vipande. "Bakuli, mwanangu. Bakuli tu."

Usiku ule akalala na mtoto wake kifuani. Akasema moyoni, nimeshinda.

Kulipokucha Mize akajinyoosha, akasema, "Mama, niite lile jina."

"Jina lipi?"

"Lile ulilonipa siku ile pangoni, nilipoteleza ukanidaka mkono."

Mkasi akalitafuta jina moyoni. Siku ile pangoni yeye hakuwapo.

"Mwanangu," akasema.

"Silo."

"Kipenzi changu."

"Silo, Mama."

"Roho yangu."

"Silo."

Mize akamtazama. Akamtazama uso, akamtazama mikono, akamtazama macho. Kisha akasogea nyuma, taratibu, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Siku ile hakula. Siku ya pili hakula, hakusema. Siku ya tatu Mkasi akaamka, akakuta kitanda kitupu. Akakimbia pangoni, akamkuta Mize amekaa juu ya jiwe la ukingoni, miguu inaning'inia, anaita chini gizani, "Mama! Mama! Mama!"

"Mize, mimi hapa."

Mtoto hakugeuka. "Wewe si Mama. Umempeleka wapi mama yangu?"

Mkasi akamtoa ukingoni, akampeleka kwa Faki wa upande ule, akasema, "Mshike huyu, usimwachie, mama yake anakuja." Akarudi pangoni mbio.

Kenge akasema, "Kurudi kupo mara moja. Na yule apite kabla jua halijatua. Baada ya hapo naufunga ufa huu."

Mkasi akapita. Akenda moja kwa moja makaburini. Yule mwingine alikuwapo, amekaa mchangani, kanga imechanika, kamba iliyokatika inaning'inia mkononi, kucha zimejaa udongo. Alikuwa amelichimba kaburi kwa mikono, apate kuona ni nani aliye ndani. Alikuwa amekwisha kuona.

Wakatazamana.

"Siku tatu," yule akasema, sauti imekauka. "Siku tatu nawaambia watu mwanangu yu hai, wananifunga kamba."

"Yu hai. Yuko kwa Faki wa kwenu. Hajala. Nenda pangoni, kenge atakupitisha. Kimbia, jua lisije likatua."

Yule akainuka. Hakumtukana, hakumshukuru. Akakimbia, akianguka, akiinuka.

Mkasi akapiga magoti, akamtazama binti aliyekuwa wake. Hakufumba macho. Kisha akamrudishia mchanga, kiganja kwa kiganja, mpaka kaburi likawa sawa. Hapo ndipo alipolia.

Faki akaja na bakuli la uji, kama alivyokuja siku zile zote tatu. Akamwona dada yake ametulia, akaogopa.

"Mkasi, leo hupigi kelele?"

"Leo sipigi."

"Huniambii tena yu hai?"

"Hapana, kaka. Leo ndiyo nimemzika."

Faki akaketi kando yake. Wakanywa uji ule, kwa zamu, bakuli moja.

Basi, mtoto wa mwenzio ni wa mwenzio, hata kama mwenzio ni wewe mwenyewe. Nami hapa ndipo nilipofika. Kama kuna upande ambako ngano hii iliishia kwa kicheko, aliyeko huko na awasimulie walioko huko. Mimi ninao upande huu tu, na koo limenikauka. Nipeni maji.