Ukuta wa Mzee Mwalyego na Swali la Kodi

Wapendwa, ninayewaletea leo si mwizi wala mlevi. Ni mtu mwema. Nataka mlikumbuke hilo mpaka mwisho, kwa sababu ndilo lililonisumbua wiki nzima.

Mzee mmoja, tumwite Mzee Mwalyego, alistaafu kazi ya posta, na kwa kiinua mgongo chake akanunua nyumba ya vyumba sita ya kupangisha, huko juu mtaani ambako upepo hauna huruma. Aliinunua pamoja na uzio wake, ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa zamani bila nguzo na bila msingi wa maana. Mzee huyu alikuwa mwaminifu. Mapato ya pango aliyatangaza yote kila mwaka, hakuficha hata chumba kimoja. Fomu zake za kodi alizijaza kwa mwandiko mzuri, akipiga rula chini ya kila jumla.

Katika wapangaji wake alikuwepo Mama Atupele, mjane, mkaanga vitumbua. Jiko lake la mkaa aliliweka uani, chini kabisa ya ukuta, mahali pekee ambapo upepo haukuzima moto. Hapo ndipo alipoketi kila alfajiri, na hapo ndipo ilipopatikana karo ya binti yake.

Mwezi wa tano Mama Atupele alimwita mzee uani.

"Baba, ukuta huu unanijia."

Mzee akautazama. Aliona nyufa, lakini nyufa alikuwa amezizoea. "Unakujiaje, mama?"

"Kamba hii ya nguo niliifunga mwenyewe, kutoka kwenye nguzo ya baraza mpaka kwenye ule msumari wa ukutani. Niliikaza sana. Leo imelegea mpaka shuka linagusa chini. Kamba haijarefuka, baba."

Mzee alishika ile kamba. Alielewa. Palepale akaazimia kwamba ukuta ule lazima ushughulikiwe. Hakupuuza, wapendwa. Kesho yake asubuhi alivaa koti, akaenda kwa mshauri wake wa kodi.

Mnashangaa? Kwa nini asiende kwa fundi? Lakini tuseme ukweli: ni nani kati yetu asiyepiga hesabu kwanza?

Mshauri alimpa kiti, akamweleza kwa upole. "Mzee, ukiziba nyufa na kubadilisha matofali mabovu, hayo ni matengenezo. Gharama yote unaipunguza kwenye mapato ya pango ya mwaka huuhuu. Ukibomoa ukuta mzima na kujenga mwingine, hiyo ni mali mpya. Gharama yake utaipunguza kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka."

"Miaka mingapi?"

"Inaweza kufika ishirini."

"Nina miaka sabini na mmoja," alisema Mzee Mwalyego.

Mshauri alicheka kidogo, kisha akamsogelea. "Basi fanya hivi. Mwaka huu jenga upande wa barabarani. Mwakani, upande wa pili. Mwaka unaofuata, upande wa uani. Kila kipande tutakiita ukarabati."

Mzee alirudi nyumbani na maneno hayo kichwani. Yalikuwa na faida, lakini hayakumkaa vizuri. Kuita kipande ukarabati huku anajua anajenga ukuta mzima, si ni uongo? Hakutaka kudanganya. Kwa hiyo aliandika barua kwenye ofisi ya kodi, akauliza kwa utaratibu. Akangoja jibu. Mwezi wa sita ukaisha. Wa saba nao. Akaandika barua ya pili, safari hii akaambatanisha vipimo. Mama Atupele alipomuuliza, alimjibu kwa heshima, "Nalifuatilia, mama. Nataka nilifanye sawasawa." Mama akarudi kukaa kwenye jiko lake. Angekwenda wapi?

Mwezi wa tisa aliitwa ofisini. Aliyempokea alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa mwisho. Alisoma barua zote mbili, akatazama picha ya ukuta ambayo mzee aliipiga kwa simu yake.

"Baba, kwa ninavyoona, huu ni wa kubomoa wote. Ukijenga upya, hayo si matengenezo. Siwezi kukuambia vingine ili ufurahi."

"Nashukuru," alisema mzee. Alikuwa amejiandaa kwa jibu hilo.

"Huo mpya umeujenga lini?"

"Bado sijaujenga."

Yule binti aliinua macho. Kisha akairudia picha, akaweka kidole pembeni. "Huyu mama ni nani?"

"Mpangaji wangu. Anakaanga vitumbua."

"Anakaangia hapa kila siku?"

"Kila siku."

Ofisi ilikuwa na watu, lakini mzee anasema hakusikia sauti ya mtu mwingine yeyote. Binti alimrudishia simu yake. "Baba, mimi nashughulikia ukuta uliokwisha kujengwa. Fomu zangu hazina mahali pa kumwandika huyu. Wewe unaye tangu mwezi wa tano."

Mzee Mwalyego alitoka bila kuaga. Hakupita kwa mshauri. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa fundi, akamkuta anachanganya zege kwenye kiwanja cha mtu.

"Nakuja Jumatatu, mzee."

"Leo, fundi."

"Nina kazi hapa, si unaona?"

"Naona. Nitakaa kwenye haya matofali mpaka unyanyuke."

Akakaa, na koti lake la ofisini. Fundi alimtazama mara tatu, mwishowe akanawa mikono.

Walipofika, Mama Atupele alikuwa anaumua unga wa kesho. Mzee hakumwita. Aliliinua jiko yeye mwenyewe, likiwa bado na majivu ya moto, akalipeleka mpaka kwenye baraza la nyumba yake anayoishi, ng'ambo ya njia. Akarudi kuchukua kigoda, karai na ndoo ya unga. Koti likaharibika.

"Utapikia kwangu," alimwambia. "Mpaka uzio mpya umalizike."

Kisha fundi akawaondoa watu wote uani, akapanda ngazi ya miguu minne upande wa nje ili aanze kung'oa matofali ya juu moja moja. Aliweka kiganja ukutani ajishikize. Kiganja tu, wapendwa. Ukuta wote wa uani ukaondoka, kutoka pembe moja mpaka nyingine, ukalala pale ambapo jiko lilikuwa. Fundi alibaki ameng'ang'ania ngazi, vumbi jekundu limemjaa mpaka kope.

Mzee alisimama pale hadi vumbi lilipotulia. Ndipo akamgeukia yule mama. "Nisamehe."

Mama Atupele alikuwa akitazama yale matofali. "Nimekusamehe, baba," alisema. "Lakini ilikuwa miezi minne."

Akaenda kuumua unga wake.

Uzio mpya ulijengwa, wenye nguzo na msingi wa kweli. Kwenye kodi ulihesabiwa mali mpya, na mzee anaupunguza kidogo kidogo kila mwaka kama alivyoambiwa. Hajalalamika.

Sasa naona baadhi yenu mnatabasamu, kwamba mama alipona. Mimi sitabasamu bado. Huyu mzee hakudanganya. Hakumdhulumu mtu. Alikataa ushauri mbaya, aliuliza kwa barua, alingoja zamu yake. Na muda wote huo mtu aliketi chini ya kifo akikaanga vitumbua. Dhambi yake ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye swali alilolitanguliza. Aliuliza, "Hili litahesabiwaje kwangu?" kabla ya kuuliza, "Ni nani aliyekaa pale?"

Na sisi? Yupo hapa anayejua kaka yake anarudi nyumbani na pikipiki isiyo na breki, na bado anapima atazungumza naye kwa maneno gani. Yupo anayejua binti wa kazi kwa jirani anapigwa, naye anajiuliza ataonekana vipi akiingilia. Tunaita busara. Tunaita utaratibu. Tena tunaomba juu yake, tukimngojea Mungu atujibu jambo ambalo macho yetu yamekwisha kuliona.

Leo sitawaombea muongozo. Muongozo mnao. Nina hakika sasa hivi kila mmoja wenu amekumbuka jina la mtu. Nitanyamaza, na milango iko wazi. Anayetaka kuondoka kabla ya wimbo wa mwisho aende akamtoe, na mtu yeyote asimwulize anakwenda wapi.